Mimba imefia tumboni na umeandikiwa vidonge: hatua kwa hatua, na maudhi ya kutarajia

Kama umetoka kupimwa ultrasaundi leo ukaambiwa mapigo ya moyo hayapo, kwanza pole. Pole sana. Soma taratibu, na kama macho yamejaa machozi mpe mtu mwingine akusomee.

Mimi ni muuguzi mkunga, na miaka yangu mingi imeishia wodi za wanawake hapa Dar es Salaam. Maswali kuhusu vidonge hivi hayabadiliki. Damu itatoka kiasi gani? Kutetemeka huku ni kawaida? Nitajuaje kama imetoka yote? Lazima nisafishwe? Naulizwa wodini, naulizwa na jirani tukiwa tumesimama kwenye mwendokasi, naulizwa saa nane usiku kwa ujumbe wa simu. Nayaandika yote mahali pamoja kwa sababu kuna jambo moja limeniuma miaka yote hiyo. Wanawake wetu wanaletwa mbio kwa sababu ya kutetemeka, ambako mara nyingi hakuna hatari, halafu mwingine analala nyumbani na damu inayomwagika tangu mchana kwa kuwa "si walisema damu itatoka?" Ukijua mapema kipi cha kawaida na kipi cha kukimbilia hospitali, nusu ya kazi umeimaliza.

Mwongozo huu ni wa mwanamke ambaye mimba yake haijafika wiki 13, imethibitishwa kwa ultrasaundi kwamba haiko hai, na daktari ameandika dawa. Zaidi ya wiki hizo dozi hubadilika na kazi hufanyikia hospitali, siyo nyumbani.

Nadharia ni fupi. Kiinitete kimeacha kukua, au hakikutokea kabisa na kumebaki mfuko mtupu, lakini kizazi bado hakijapata habari. Mlango umefungwa, damu haitoki, na wengine kichefuchefu cha mimba kinaendelea vilevile. Misoprostoli, yaani vidonge vyenyewe tunavyozungumzia, hulainisha mlango wa kizazi na kukifanya kizazi kijikaze mpaka kitoe kilichomo. Sababu inayoongoza ya mimba changa kufa ni hitilafu ya kromosomu iliyokuwepo tangu mimba ilipotunga. Ndoo ya maji uliyoinua haihusiki, wala tendo la ndoa, wala ugomvi na wifi yako. Mtu akikwambia vinginevyo, usimsikilize.

Andaa hivi kabla ya kuanza

Karatasi ya ultrasaundi yenye tarehe na vipimo, pamoja na cheti cha daktari. Vipige picha kwenye simu pia. Nasisitiza hili kwa sababu ya hali yetu: Kanuni ya Adhabu inafanya kutoa mimba kinyume cha sheria kuwa kosa la jinai, na mwanamke anayefika usiku akivuja damu wakati mwingine huangaliwa kwa jicho baya kabla hajahudumiwa. Kutibiwa mimba iliyokwisha kufa si kosa. Karatasi yenye tarehe inasema hivyo kwa niaba yako wakati wewe huna nguvu za kujieleza.

Majibu ya wingi wa damu na kundi la damu. Kama damu yako iko chini sana, au una sikoseli, mwambie daktari mapema. Huenda akataka utumie dawa ukiwa wodini.

Pedi kubwa za usiku, pakiti mbili. Usitumie kanga. Kanga inakunywa damu bila kukuonyesha kiasi, na hapo ndipo watu hupotea. Kikombe cha hedhi na pamba za kuingiza ndani ziweke kando mpaka damu ikatike.

Dawa za maumivu: ibuprofeni na parasetamoli, ziwe zimeshanunuliwa. Mwenye vidonda vya tumbo, ugonjwa wa figo, au pumu inayochochewa na dawa za aina hiyo asitumie ibuprofeni. Usiichanganye na diklofenaki; ni ndugu moja, utajiumiza tumbo bure.

Kipimajoto. Cha kawaida tu cha kuweka kwapani.

Mtu mzima mmoja anayejua kinachoendelea. Mume, dada, mama mdogo, shoga yako, yeyote asiyepaniki na asiyetangaza. Awe na namba ya dereva wa bajaji au teksi anayeamka usiku, na nauli iwe imetengwa kwenye bahasha. Simu iwe na chaji kamili, maana umeme hauna adabu. Kwa dharura kuna namba 115 ya m-mama, huduma ya usafiri wa dharura kwa akina mama, haina malipo.

Fikiria choo. Hili vitabu havisemi. Wengi wetu tumepanga vyumba kwenye nyumba yenye choo kimoja cha uani, wapangaji sita, foleni asubuhi. Weka ndoo yenye mfuniko chumbani na maji ya kutosha, tandika nailoni chini ya shuka. Kama chumba kina watu wengi na huna pa kujistiri, mwambie daktari wazi kwamba nyumbani hapafai. Hiyo ni sababu halali kabisa ya kulazwa.

Na siku mbili au tatu za kupumzika. Omba ED (karatasi ya daktari ya kupumzika kazini) hospitalini hapo hapo kabla hujaondoka, usisubiri hadi bosi aanze kupiga simu.

Hatua zenyewe

1. Hakikisha mimba kweli imekufa.

Hapa usikubali haraka. Kipimo kimoja kilichofanyika mapema kinaweza kukosea, hasa kama siku zako hazina mpangilio au hukumbuki tarehe ya mwisho ya hedhi. Madaktari hutegemea vipimo viwili: kiinitete chenye urefu wa milimita 7 au zaidi kisicho na mapigo ya moyo, au mfuko wenye wastani wa milimita 25 au zaidi usio na kiinitete ndani. Kipimo chako kikiwa chini ya hapo, hujaambiwa chochote cha uhakika. Unarudia baada ya siku 7 au zaidi. Kipimo cha kupitia ukeni huona vizuri kuliko cha juu ya tumbo kwa mimba changa.

Kwenye karatasi tafuta namba. Nimeona karatasi iliyoandikwa mstari mmoja tu, "mimba haina mapigo", bila urefu wala wiki, na mama akiwa na vidonge tayari mkobani. Tulimrudishia kipimo. Kiinitete kilikuwa na milimita 4. Alirudi baada ya siku kumi na mapigo yakaonekana yakipepesa kwenye kioo. Si kila mara huwa hivyo, mara nyingi jibu la pili ni lile lile la huzuni, lakini kusubiri wiki moja hakukudhuru kama huna homa wala damu nyingi.

2. Chagua njia ukiwa unajua ziko tatu.

Unaweza kusubiri mwili utoe wenyewe. Unaweza kutumia vidonge. Unaweza kusafishwa kwa pampu ya mkono, ile tunayoiita MVA, ambayo huchukua dakika chache na unaondoka siku hiyo hiyo. Kukwangua kwa chuma ni njia ya zamani na Shirika la Afya Duniani halitaki iendelee. Ukiambiwa unakwanguliwa, uliza kama pampu haipo.

Vidonge vinakuepusha na chumba cha upasuaji, ila havifanikiwi kwa kila mtu. Utafiti wa Uingereza uliochapishwa mwaka 2020, wenye wanawake zaidi ya 700 waliokuwa na tatizo hili hili, ulionyesha kwamba kwa walioanza na mifepristoni (kidonge kinachomezwa kabla, kuandaa kizazi) kisha misoprostoli, mfuko ulitoka ndani ya siku 7 kwa 83 kati ya 100. Kwa misoprostoli peke yake ilikuwa 76 kati ya 100. Kwa hiyo ukiishia kusafishwa, hukukosea kitu.

3. Mwambie daktari mambo haya kabla hajaandika dawa.

Una kitanzi ndani ya kizazi? Kitolewe kwanza. Una maumivu makali upande mmoja wa tumbo, au uliwahi kupata mimba nje ya kizazi? Vidonge hivi haviitibu mimba hiyo, na kuichelewesha kunaua. Unatumia dawa za kuzuia damu kuganda, una ugonjwa wa damu isiyoganda, unatumia dawa za steroidi muda mrefu, una homa na uchafu unaonuka sasa hivi? Aliwahi kukwambia mtu kwamba una mimba zabibu, ile ambayo kondo hukua vibaya kama vishada? Hiyo husafishwa, haiachiwi vidonge. Mwenye kovu la upasuaji wa uzazi asiogope. Kwa mimba changa namna hii kovu si kizuizi, ila litaje.

Kama kundi lako la damu ni hasi, uliza kuhusu sindano ya anti-D. Kwa mimba iliyo chini ya wiki 12 Shirika la Afya Duniani haliipendekezi, ila daktari wako ndiye anayejua historia yako.

4. Chukua dawa mahali panapoeleweka, na uiangalie.

Dawa ya hospitali au ya famasi iliyosajiliwa, kwa cheti. Usinunue vidonge vilivyokatwa na kufungwa kwenye karatasi ya kaki, hata kama muuzaji anakuapia. Sababu si utapeli tu. Misoprostoli huharibika kwa unyevu, na mji wetu huu, Machi na Aprili hasa, una unyevu wa kutosha kuharibu chumvi mezani. Kidonge kikishatoka kwenye karatasi yake ya bati kinaanza kupoteza nguvu. Kagua kila chumba cha bati: kisiwe kimetoboka, kisiwe kimevimba hewa wala kupondeka. Tazama tarehe ya mwisho na nguvu ya kidonge. Mara nyingi ni maikrogramu 200. Usikifungue mpaka dakika ya kukitumia, na usikiweke dirishani wala juu ya friji.

5. Kama umepewa mifepristoni, meza hiyo kwanza.

Ni kidonge kimoja cha miligramu 200, kwa maji. Kisha unasubiri siku moja hadi mbili kama cheti kinavyosema. Wengi hawasikii kitu; wachache huanza kuona damu. Ukitapika ndani ya saa moja, piga simu kituoni uulize kabla ya kuendelea. Na kama hukuandikiwa au haikupatikana, ruka hatua hii. Misoprostoli peke yake pia ni tiba.

6. Tumia misoprostoli asubuhi.

Saa mbili au saa tatu asubuhi. Siwezi kusema hili kwa nguvu ya kutosha. Ukitumia jioni, zile saa nzito zitakukuta saa sita usiku, msaidizi amesinzia na bajaji hazipo. Wakazi wa Kigamboni wanaotegemea pantoni, na wa mbali kama Chanika au Bunju, nyie ndio hasa.

Kula kidogo: uji, mkate na chai. Nusu saa kabla ya vidonge meza ibuprofeni miligramu 400. Usingoje maumivu yaje ndipo uyakimbize. Nenda haja ndogo. Nawa mikono.

Dozi ya kawaida kwa hali hii ni maikrogramu 800, yaani vidonge vinne vya 200. Cheti chako ndicho kinachotawala, maana baadhi ya madaktari huandika 600 chini ya ulimi, na wengine huongeza dozi ya pili baada ya saa chache. Njia ni hizi:

Ukeni: lala chali, sukuma vidonge kimoja kimoja kwa kidole mpaka kisipoweza kwenda tena, kisha ubaki umelala nusu saa. Usivipake mafuta wala kitu kingine. Baadaye ukiona vipande vyeupe kwenye pedi usishtuke, ni mabaki ya kidonge, dawa imeshaingia.

Chini ya ulimi au kati ya shavu na ufizi: viache dakika 30 bila kula wala kunywa wala kuongea sana. Vinakuwa kama chaki iliyolowa na mdomo unakauka, ndiyo hali yake. Dakika 30 zikiisha, meza mabaki kwa maji.

Chini ya ulimi dawa hupanda haraka na hutetemesha zaidi. Ukeni maudhi ya tumbo na baridi huwa mepesi kidogo. Kama una nafasi ya kuchagua, zungumza na daktari.

7. Saa sita za kwanza: hesabu pedi.

Andika saa uliyotumia dawa kwenye karatasi na uibandike ukutani. Maumivu huanza kama ya hedhi, mara nyingi saa moja hadi nne baada ya dawa, kisha yanapanda kwa mawimbi na kuingia mgongoni na mapajani. Kisha damu. Itakuwa nyingi kuliko hedhi yako yoyote, na itakuja na mabonge; bonge la ukubwa wa limau linaweza kutokea. Kwa mimba ya wiki nane au tisa unaweza kuona mfuko mdogo wa kijivu au mweupe wenye utando laini. Amua leo kama unataka kuona au hutaki. Wapo wanaotaka kuangalia, wakafunga kwenye kitambaa cheupe na kuzika pembeni mwa nyumba, na wapo wanaomwaga chooni bila kutazama. Hakuna aliyekosea. Kama hii ni mimba ya tatu kuharibika, muulize daktari mapema kama anataka kipande kwa ajili ya kipimo.

Kila unapobadilisha pedi andika saa, na uandike imelowa nusu au yote. Kipimo cha hatari ni hiki, mwonyeshe msaidizi wako akishike kichwani: pedi kubwa mbili kulowa kabisa ndani ya saa moja, na saa inayofuata tena mbili. Hapo hamjadiliani. Mnaondoka.

Chupa ya maji ya moto tumboni inasaidia. Ibuprofeni 400 unaweza kurudia baada ya saa 6 hadi 8, na kati yake parasetamoli miligramu 1000, isizidi vidonge 8 vya miligramu 500 kwa siku nzima.

8. Wapokee maudhi kwa majina yao.

Kutetemeka na homa. Hiki ndicho kinachotisha nyumba nzima. Saa moja au mbili baada ya dawa mwili unaanza kutikisika, meno yanagongana, mwanamke amejifunika blanketi mbili mwezi Februari na jasho linamtoka, joto linapanda hadi 38 na zaidi. Mume anasema malaria, mama mkwe anatuma mtoto dukani akalete dawa mseto. Subirini. Ni misoprostoli. Mpeni parasetamoli, mmpunguzie blanketi, mmpe maji. Inapaswa kuisha siku hiyo hiyo, na isivuke saa 24 tangu kidonge cha mwisho. Ikivuka, siyo tena dawa: ni hospitali, mkapime malaria na maambukizi ya kizazi vyote viwili.

Kuhara. Mara tatu nne, kisha kunakata. Kunywa ORS.

Kichefuchefu na kutapika. Kukikujia baada ya dakika 30 za vidonge chini ya ulimi, dawa imeshaingia, usirudie.

Kizunguzungu kidogo ukisimama. Kaa kwanza, kisha simama ukishikilia kitu. Kuzimia ni jambo jingine kabisa, ni la hospitali.

Matiti kujaa, na wengine kutoa maziwa kidogo, hasa mimba iliyokuwa inakaribia wiki 13. Vaa sidiria inayobana vizuri, usiyakamue. Huisha kwa siku chache. Wengi wanasema hili ndilo lililowaliza kuliko damu, na nawaelewa.

9. Siku zinazofuata.

Damu hupungua baada ya mfuko kutoka, kisha inaendelea kama hedhi na matone kwa wiki moja hadi mbili. Kwa wengine matone hufika hadi hedhi ijayo. Oga kama kawaida. Kula unachokula, ongeza mboga za majani, maharage, dagaa, nyama au maini ukipata. Usiingize kitu chochote ukeni mpaka damu ikatike. Namaanisha chochote: si vidole vya kuoshea, si kitunguu swaumu, si majani ya kufukizia. Kukandwa tumbo kwa nguvu kama mzazi pia hapana. Mwambie bibi kwa heshima kwamba maji ya uvuguvugu mgongoni yanatosha.

Antibiotiki hazihitajiki kwa kila anayetumia vidonge hivi. Kama huna dalili za maambukizi, usijinunulie.

Rudi kituoni baada ya wiki moja hadi mbili kama ulivyopangiwa. Kipimo cha mkojo cha mimba fanya baada ya wiki tatu, siyo kabla. Homoni huchelewa kuisha, na kupima siku ya tano kutakupa mistari miwili na usiku wa bure wa mawazo.

Makosa ninayoyaona kila mwezi

Kuongeza vidonge mwenyewe kwa sababu saa tatu zimepita na damu haijatoka. Dozi ya ziada hupangwa na daktari.

Kukimbilia ultrasaundi siku ya pili. Kizazi kilichotoka kutoa mimba huwa na damu na mabaki madogo ndani, na karatasi itaandikwa "kuna uchafu". Mtu akishasoma neno uchafu hatulii tena mpaka asafishwe. Lakini uamuzi wa kusafisha hautoki kwenye picha peke yake. Unatoka kwako: damu inapungua au inazidi, maumivu yanaisha au yanaongezeka, homa ipo au haipo. Kama unaendelea vizuri, mabaki hayo mara nyingi hutoka yenyewe siku zinazofuata. Nimeona kizazi kikisafishwa mara mbili kwa neno hilo moja, na kila kusafisha kuna hatari yake.

Kukaa peke yako na mlango umefungwa kwa ndani. Usifunge kwa ndani.

Kudhani mimba nyingine haiwezi kuingia sasa hivi. Yai linaweza kutoka ndani ya wiki mbili, kabla hujaona hedhi. Kama hutaki mimba kwa sasa, uzazi wa mpango unaanza mapema, na njia nyingi zinaweza kuanza wiki hiyo hiyo. Kama unataka, ushauri wa zamani ulikuwa kusubiri miezi sita. Tafiti za baadaye hazikuonyesha kwamba kuwahi kunadhuru. Mimi huwaambia wasubiri walau hedhi moja, kwa ajili ya hesabu za tarehe na kwa ajili ya moyo, wakianza na foliki asidi maikrogramu 400 kila siku.

Mambo yakienda tofauti

Saa 24 zimepita, hakuna damu au ni matone tu. Dawa huenda haijafanya kazi. Wasiliana na kituo siku hiyo. Si dharura ya usiku kama hujisikii vibaya, lakini usikae wiki. Utapewa dozi nyingine, utasubirishwa au utasafishwa.

Damu ilikata, kisha siku ya kumi ikarudi nyingi. Hesabu pedi tena kwa kipimo kile kile. Ikiwa chini yake, nenda kituoni kesho yake. Ikifika, nenda sasa.

Homa imeanza siku ya tatu, au uchafu unanuka, au tumbo linauma hata likiguswa. Ni maambukizi mpaka yathibitishwe vinginevyo. Usisubiri Jumatatu.

Maumivu makali upande mmoja, bega linauma bila sababu, unataka kuzimia. Nenda mara moja, hata kama damu inayotoka ni kidogo. Hiyo inaweza kuwa mimba ya nje ya kizazi iliyojificha.

Kipimo cha mkojo bado kinaonyesha mistari miwili baada ya wiki tatu. Rudi upimwe. Usinunue vidonge vingine.

Wiki nne hadi sita hedhi haijaja. Huenda ikachelewa hadi ya nane. Kama ulikutana na mume, pima mimba kwanza.

Usingizi umekataa, chakula hakipiti, unajilaumu tangu asubuhi hadi usiku wiki mbili zimepita. Sema, kwangu au kwa muuguzi yeyote unayemwamini. Tunao wenzetu wa afya ya akili katika hospitali za rufaa za mkoa, Amana, Temeke na Mwananyamala, na pale Muhimbili.

Ukilazimika kwenda usiku, mpeleke msaidizi mbele ashike karatasi ya ultrasaundi, cheti na ile karatasi ya pedi. Usianze na historia ndefu mapokezi. Sema hivi: "Mimba yangu ilifia tumboni, karatasi hii hapa. Nimetumia misoprostoli vidonge vinne leo saa tatu asubuhi. Tangu saa mbili usiku nimelowesha pedi nne ndani ya saa mbili na nasikia kizunguzungu." Kisha kaa chini, au lala sakafuni kama hakuna kiti, usibaki umesimama kwenye foleni.